Ardhi Ikinyimwa Pumziko

Ndugu zangu, nendeni Usukuma mwezi wa Septemba, jua likiwa limekausha kila kitu, mkasimame mahali ambapo malisho ya wote yanapakana na ngitili. Upande huu ardhi imelishwa hadi mizizi, kwato zimeisaga, upepo kidogo tu unainua vumbi. Upande wa pili, hatua kumi kutoka hapo, nyasi zimefika kiunoni, rangi ya manyoya ya simba, na migunga imetandaza kivuli. Hakuna ukuta katikati. Hakuna seng'enge wala askari mwenye bunduki. Mvua iliyonyesha pande zote mbili ni ileile. Kilichotenganisha uhai na vumbi ni neno walilolitamka wazee mvua zilipoanza: hapa haingii ng'ombe mpaka tuseme.

Nataka tukae na neno hilo leo, maana tulilidharau na tukalilipia.

Kwa asiyejua, ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, mwenye kaya hufunga chake na kijiji hufunga cha wote. Nyasi huota, huchanua, hudondosha mbegu zake bila kusumbuliwa. Mvua hukoma Mei, na bado hakiguswi. Ni mpaka kiangazi kikali, Julai au Agosti, nje kukiwa hakuna tena cha kung'ata, ndipo kinafunguliwa, tena kipande baada ya kipande, wala si kwa kundi lote. Wanaoingia ni ndama, ng'ombe anayenyonyesha, aliyedhoofika, na maksai watakaovuta plau mvua zikirudi. Wenye nguvu watajitafutia kwingine. Nimehubiri miaka mingi juu ya kumtanguliza mnyonge, nikitafuta mifano mbali, na huku mfano umekuwa ukichungwa mbele ya macho yangu.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Mambo ya Walawi, sura ya 25. Mungu hakumwagizia mapumziko mtu na punda wake peke yao. Aliiagizia na ardhi: ilimwe miaka sita, wa saba iachwe, na kitakachoota chenyewe kiwe chakula cha mtumwa, cha mgeni na cha mnyama. Israeli hawakutii. Na mwishoni mwa kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati tunakuta hesabu ya kutisha: watu walipochukuliwa mateka Babeli, nchi yao ilipumzika miaka sabini, ikijilipa sabato zote ilizodhulumiwa. Mmelisikia jambo hilo? Ardhi haisamehe deni la pumziko. Ukiipa, inakulisha. Ukiinyima, siku inapojichukulia, wewe haupo tena juu yake.

Banamhala, yaani wazee wa Usukuma, hawakungoja mmisionari awaletee sura hiyo. Waliishika kabla ya kuisoma.

Basi ilikuwaje Shinyanga, hukohuko Usukuma, ikageuka vumbi? Tuseme ukweli, maana toba isiyotaja dhambi ni kelele. Wakati wa Mwingereza kulikuwa na mbung'o, na mbung'o anaua ng'ombe kwa nagana. Swynnerton na idara yake ya utafiti wa mbung'o waliweka makao palepale Shinyanga, na dawa iliyoonekana ya haraka ikawa kufyeka. Watu walitolewa kwa maelfu na watemi wao, wakakata vichaka na miti hadi upeo wa macho. Mbung'o aliondoka kweli. Kivuli nacho kikaondoka. Kisha ikaja pamba, dhahabu nyeupe, na kila mwaka shamba likasogea likala malisho. Ilipofika 1963 utemi ulifutwa kisheria, na kiti cha aliyekuwa na sauti ya kufunga na kufungua malisho kikabaki kitupu. Halafu 1974, Operesheni Vijiji: watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Simlaumu aliyetaka watoto wapate shule, maji na zahanati. Aliyekulia mbali na zahanati anajua uzito wa jambo hilo. Lakini mtu aliyehamishwa kutoka kwenye kaya yake aliiacha ngitili yake nyuma bila mlinzi, na huko alikopelekwa alikuta ardhi isiyo na mpaka anaoujua wala mzee wa kumwuliza.

Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha kiasi kwamba wanawake walipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na mabua ya pamba. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Moshi wa mavi ya ng'ombe unawasha macho. Mwanamke aliyepika kwa moshi huo miaka thelathini, arobaini, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake huwa mekundu. Na katika nchi hiyohiyo, kizazi hichohicho, macho mekundu ya kikongwe yakafanywa ushahidi wa uchawi. Mama zetu, bibi zetu, walikatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho yaliyowashwa na jiko la familia zao. Fuateni mstari huo, ndugu zangu, msiuruke: mti uliokatwa, jiko lililokosa kuni, jicho lililowaka, panga. Ardhi tuliyoinyima pumziko ilidai malipo, nasi tukamtoa kikongwe alipie.

Na mlimuua nani? Muulizeni mganga wa kweli wa mitishamba ni nani aliyemfundisha magome na mizizi. Ulizeni ni nani aliyejua mboga ya porini inayookoa watoto kabla mtama haujaiva, uyoga upi unaliwa na upi unaua, nyasi ipi inafaa kuezekea na ipi huoza kabla ya mwaka. Ni yeye. Kijiji kilichomwua kikongwe kilichoma kitabu ambacho hakikuwa na nakala.

Na sisi wahubiri tusijifiche nyuma ya mimbari. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama nikawaita wazee wa mila watu wa giza, wote kwa jumla, bila kuuliza nani kati yao anatambika na nani anajua tu ni lini nyasi zimekomaa. Vijana waliokuwa wakinisikiliza walitoka wakiwa na ruhusa ya kutomsikiliza babu yao. Wengine walikwenda wakakata miti aliyowakataza babu, wakajiona wameokoka zaidi. Sikushika shoka, lakini nililinoa. Natubu kwa maandishi, mbele yenu, na ninamwomba kila mchungaji na kila sheikh anayesoma hapa ajiulize kama naye hakunoa.

Lakini Mungu ni wa rehema, na ardhi ya Shinyanga imeshuhudia.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu wakauita HASHI. Ulikuwa na fedha za Wanorwe na baadaye wataalamu wa kilimo mseto. Yapo ambayo wangeweza kuyafanya na yasifae: kuleta miche ya kigeni kwenye lori, kuipanda kwa mistari, kupiga picha na kuondoka. Kilichofaa kilianza pale mtaalamu alipokaa kwenye kigoda akamwuliza mzee, zamani mlifanyaje? Mzee akajibu, tulikuwa na ngitili. Hakuhitaji mche wala kitalu. Visiki na mizizi vilikuwa bado hai chini ya vumbi, vikingoja kuachwa tu. Wakaacha. Migunga ikachipua yenyewe.

Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi katika mkoa mzima. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Rudieni kuzisoma namba hizo. Hakuna bajeti ya kupanda miti ambayo ingefika huko. Na wataalamu walipokadiria thamani ya kuni, asali, dawa, malisho, nyasi za kuezekea na matunda yaliyotoka humo, walipata dola 14 kwa kila mtu kwa mwezi, wakati mtu wa kijijini Tanzania alikuwa akitumia kwa wastani dola 8.50. Wale tuliowaita wajinga wa maendeleo walikuwa wamekalia ghala.

Nani alilinda? Dagashida, mkutano wa kimila, ulikaa chini ya mti ukaweka masharti: nani achunge wapi, nani akate nini, na atakayevunja atozwe nini. Sungusungu, walewale waliozaliwa kupambana na wezi wa ng'ombe, wakawakamata wavunjaji. Halmashauri za vijiji zikayaandika masharti hayo kuwa sheria ndogo. Mzee alikuwa na neno, kijana alikuwa na miguu, serikali ilikuwa na muhuri, na kila mmoja alikaa mahali pake. Uongozi wa ardhi ni huo. Kumwalika mzee mwishoni mwa semina afunge kwa sala na apewe soda, huo ni udhalilishaji.

Maana mzee huyo anaijua ardhi kwa majina. Mimi na wewe tunasema udongo. Yeye anasema luseni, mchanga wa juu karibu na mawe, mwepesi kwa jembe, unaochoka upesi. Anasema itogolo, udongo mgumu unaotuamisha maji, ambao Msukuma aliuzungushia matuta akapata majaluba ya mpunga. Anasema mbuga, udongo mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Akishuka mteremko mmoja kutoka kilimani hadi bondeni anakutajia kila badiliko, na kwa kila moja anajua kinachoota na kinachokataa. Mtaalamu wa maabara huja na mkoba wake akaligundua jambo hilohilo baada ya wiki tatu. Simdharau mtaalamu. Ninachosema, aanze kwa mzee, ataokoa wiki mbili.

Je, wazee walikuwa malaika? La. Ngitili kubwa zilikuwa mara nyingi za wenye ng'ombe wengi. Mjane alifukuzwa kwenye ardhi ya mumewe, na kwenye dagashida mwanamke hakuwa na sauti, ingawa ndiye aliyebeba kuni. Hilo ni kosa, na kulinda mila hakutupi ruhusa ya kulilinda kosa hilo. Kamati ya ngitili isiyo na mama mjane ndani yake ni nusu kamati.

Sasa nawageukia wenye kalamu na mihuri. Mnaikumbuka habari ya Nabothi? Alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitaka, akaahidi kulipa fedha au kumpa jingine zuri zaidi. Nabothi akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Akazuliwa kesi, akapigwa mawe, na mfalme akashuka kulimiliki. Mbona tunaisoma kama habari ya zamani? Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, waliambiwa watoke msituni ili msitu uhifadhiwe, wao walioishi humo na mizinga yao ya asali vizazi na vizazi. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitamka kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba uhifadhi haukuwa sababu ya kutosha ya kuwaondoa. Upo mfano mwingine wa kufuata. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya pamoja juu ya ardhi yao, na msitu wao umesimama. Na makaya ya Wamijikenda, misitu iliyolindwa na wazee, yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, wakati misitu mingi isiyo na mzee ilikuwa imekwisha kuwa mkaa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ipo. Inaitambua hati ya kimila, ya mtu na ya kikundi. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji uwezo wa kuwa na msitu wake. Mwenyekiti wa kijiji, afisa mtendaji, diwani: kwa nini ngitili ya wote katika kijiji chako bado haina mpaka kwenye karatasi? Unangoja nini? Unangoja mnunuzi wa mkaa aje na pikipiki ishirini? Unangoja watoto wa marehemu waigawe vipande vinane, kila mmoja auze chake?

Na wewe kijana mwenye simu mkononi, babu yako ana miaka themanini na bibi yako ana macho mekundu. Usimwogope. Kaa karibu na jiko lake, mtengenezee dirisha moshi utoke, kisha mwulize. Mrekodi. Taja majina ya miti kwa Kisukuma, kwa Kigogo, kwa Kimaasai, kwa lugha yoyote uliyonyonyeshwa nayo, kabla majina hayajazikwa pamoja naye.

Mvua za kwanza zitaanguka Novemba. Kabla hazijaanguka, mshike mzee mmoja mkono, mtembee naye polepole, akuonyeshe mpaka wa ngitili ulikopita. Weka mawe hapo. Halafu mwambie mwenye ng'ombe wa jirani, kwa heshima na bila woga, kwamba hapa haingii mnyama mpaka wazee waseme.