Je, Mkristo anyamaze juu ya urithi wake?



Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi neno moja ambalo wengi hawapendi kulitaja. Mkristo mwenye mke na watoto akifa bila kuacha wosia, je, amekosa mbele ya Mungu, au sivyo?

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Katika usharika mmoja wa Buhaya tuliokuwa tukiutumikia, aliugua mzee wa kanisa, mtu mwema. Tulimtembelea mara nyingi, tukaomba naye, tukampa Chakula cha Bwana. Lakini hatukumwuliza hata mara moja: Juu ya kibanja chako, mkeo na watoto wako, umeagiza nini? Tuliona haya. Baada ya matanga ndugu zake wakakaa baraza. Kibanja kilipewa mmoja wao, watoto watatu wakapelekwa nyumba tatu, na mama yao akarudi kwao na sanduku lake la nguo. Hakuna aliyeiba usiku. Yote yalifanyika mchana, tena kwa sala. Tangu siku ile twajua ya kuwa kosa lile lilikuwa letu pia.

Wako wasemao kwamba kuandika wosia ni kuita mauti. Lakini mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alitumwa kumwagiza aiweke tayari nyumba yake. Na baadaye Bwana akamwongezea miaka 15. Agizo lile halikumwua. Wengine husema kwamba kuandika ni kuwadhania ndugu mabaya. Sisi twaona kinyume chake. Aachaye mali bila neno huwawekea ndugu zake mtego. Killa mmoja atasema, Marehemu aliniambia hivi. Na hata mwenye moyo safi hataaminiwa. Wosia huwakinga mjane na yatima, tena humkinga ndugu asijaribiwe.

Tena tusidhani kwamba anyamazaye hakuchagua neno lo lote. Akinyamaza yeye, desturi itasema mahali pake. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba ziliandika ya kuwa mjane aliyeachiwa watoto hana fungu katika urithi. Fungu lake ni kutunzwa na watoto hao. Basi mume aliyependa mkewe miaka 30, akifa kimya, amemwacha chini ya neno hilo, ingawa moyoni hakulitaka. Lakini kanuni zile zile zilimpa mtu nafasi ya kusema. Wosia wa mdomo uwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma uwe na mashahidi wawili wajuao kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki.

Nguvu ya neno la baba ilionekana huko huko Buhaya. Mama mmoja alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mwana wa ndugu yake akamshtaki, kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza. Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mama yule alikuwa na haki ya kuuza kama mwanamume, kwa sababu Katiba hukataza ubaguzi. Nasi wasomaji wa Biblia twawakumbuka binti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa kuomba urithi wa baba yao, na Bwana akasema wana haki.

Je, na watoto? Hapa yatupasa kutambua mpaka. Baba aweza kumtaja mtu wa kuwalea, lakini mtoto si ng'ombe wala mgomba, hata agawiwe pamoja na mali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka faida ya mtoto itangulie. Yakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki katika mali ya mzazi wake. Na katika mashauri ya malezi yataka mahakama isikilize maoni ya mtoto, na kufikiri kwamba ni vema ndugu wa tumbo moja wakae pamoja. Tungaliyakumbuka hayo katika baraza lile, watoto watatu wasingalitengwa.

Hatusemi haya kwa kuudharau ukoo. Tangu ugonjwa wa UKIMWI ulipotambuliwa Kagera mwaka 1983, bibi na shangazi wengi wamelea yatima wasiohesabika, nao ni heshima yetu. Wala hatusemi kwamba killa wosia ni mwema. Baba aweza kuutumia kama fimbo ya kuwapiga waliomchukiza. Twasema hivi tu: upendo usioacha neno huwaachia wengine kazi yake, nao pengine hawaiwezi.

Kwa hiyo, wainjilisti wenzetu, mkienda kwa mgonjwa, ombeni kwanza, kisha mwulizeni kwa upole juu ya nyumba yake. Afadhali tuulize mapema, angali mzima. Aandike, ashuhudiwe na watu wasiorithi, ataje mlezi wa watoto, na karatasi aiweke mahali salama. Ofisi ya RITA nayo hupokea na kutunza wosia. Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani katika maumivu, hakumsahau mama yake, bali alimkabidhi kwa mwanafunzi wake. Kama Yeye alipata nafasi saa ile, sisi tulio wazima tuna udhuru gani?

Bwana awalinde wajane na yatima wote. Amina.