Mchango Usiohitaji Picha ya Mgonjwa

Kila baada ya muda, kundi letu la WhatsApp mtaani hupokea picha ya mgonjwa. Amelazwa, mpira wa oksijeni puani, na chini yake bili ya hospitali na nambari ya mweka hazina. Orodha huanza kurefuka: huyu mia mbili, yule hamsini, mwingine anaahidi kutuma jioni. Tunachanga, na tunachanga kwa moyo. Lakini hakuna aliyemuuliza mgonjwa iwapo angependa majirani wote wamwone katika hali hiyo. Na asiye na jamaa wenye uwezo, orodha yake hukwama mapema, hata maradhi yawe mazito namna gani.

Ndiyo maana siungani na wafanyakazi wenzangu wanaouliza mbona wakatwe asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya umma ilhali hawaugui. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) hapa Kenya ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, anayelipwa shilingi 40,000 hukatwa 1,100. Wa 500,000 hukatwa 13,750, naye zamani hakuvuka 1,700. Makato yanauma, nami yananiuma kila mwisho wa mwezi. Hata hivyo naona ni haki. Uzima nilio nao sikuununua, na figo zikifeli hazichagui mwenye kazi na asiye nayo. Afadhali pesa yangu imfikie nisiyemjua kabla hajapigwa picha.

Kinachonikera ni jinsi mzigo huu unavyobebeshwa wasio na mshahara. Mimi hukatwa mwezi kwa mwezi. Mama mboga ametakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 azitoe mara moja, mtu anayeingia sokoni alfajiri kununua nyanya kwa mauzo ya jana. Hizo si akiba, ni mtaji wake. Akizitoa, kesho meza yake haina kitu. Baadaye ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, lakini huo nao ni mkopo, na mama huyu ana madeni tayari.

Shilingi 300 kwa mwezi ni kumi kwa siku. Wizara ya Afya imruhusu atume kumi zake kila jioni akifunga kibanda, bila mkopo wala riba, na akiugua wiki hiyo hiyo ahudumiwe kama mimi.