Mahali Panapopinda Upesi



Nabii Hosea, katika sura ya 7, aliwafananisha Israeli na upinde usioaminika. Ili tulielewe neno hilo, na tumtazame mtu anayejifunza kuchonga.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, huko Tanzania, humpa mtoto wa kiume upinde mdogo angali mchanga. Upote wa upinde wao ni kano za mnyama. Lakini anayeanza akiwa mtu mzima huwa na haraka. Hukata mti mbichi, na kabla haujakauka ameshaanza kuuvuta. Mti huo utakubali kupinda, ila hautarudi.

Kazi yenyewe ni kupunguza tumbo la upinde, yaani upande unaomwelekea mpigaji, kidogo kidogo, huku akiupinda na kuutazama. Mwanafunzi huona mahali panapopinda upesi, hufurahi, akazidi kupachonga. Kumbe ndipo patakapovunjika! Kisu chapaswa kwenda penye ugumu, pasipotaka kupinda, mpaka napo pachukue sehemu yake ya mzigo. Na mti uliokwisha kuchongwa haurudishwi.

Je, katika mtaa wetu ni nani hufagia kanisa, akapika msibani, akatoa sadaka ya ujenzi, kisha akaombwa tena? Mara nyingi ni mjane yule yule, kwa kuwa hakatai. Wenye nguvu na mali wamekaa wima. Kumwombea mjane apate nguvu ni sala rahisi mno.

Orodha ya zamu imebandikwa mlangoni. Tuisome kabla ya kikao cha baraza, tuhesabu majina yanayorudiwa.