Maji Yanayovuja ni ya Nani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini methali hii inamwonya mwenye nyumba. Ufa ukiwa kwenye paipu ya mtaa, mwenye nyumba ni nani?

Hapa Nairobi jibu tunalo: "Hiyo ni kazi ya kanjo." Tunaruka kidimbwi, tunadandia matatu, tunasonga. Ilhali maji ya jiji hili mengi yametoka mbali, bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yakasafishwa kwa gharama, yakaja kumwagika mbele ya ploti ambayo mifereji imekauka. Nchini Kenya, zaidi ya asilimia 40 ya maji ya kampuni za maji hayalipiwi: mengine huvuja, mengine huibwa, mengine mita hazisomi.

Ila kuna swali gumu. Vipi kuhusu mama anayekinga mtungi wake palepale penye ufa? Kwake ule ufa ndio mfereji pekee usiodai pesa. Nikimwita fundi aje azibe, nimetenda haki ama nimemnyang'anya maji?

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Nadhani jibu liko kwa hilo neno "safi". Paipu iliyotoboka ni mlango wa pande mbili. Presha ikiwepo, maji hutoka. Siku ya mgao presha ikishuka, majitaka yaliyo nje yanaweza kufyonzwa ndani, kisha yakafika kwa huyo mama na kwa jirani ambaye hata huo ufa hajauona. Kuuacha si huruma. Lakini kuuziba na kumwacha mama bila maji pia ni dhuluma. Kwa hivyo simu ya kuripoti haitoshi. Lazima tudai pia kioski cha maji karibu naye.

Mifuniko ya mashimo ya majitaka nayo huibwa, ikauzwa skrapu. Halafu utaona mtu asiyejulikana amechomeka tawi kwenye shimo wazi, ili mpita njia wa usiku asitumbukie. Hakulipwa, wala hakuuliza shimo ni la nani. Tawi si mfuniko, najua, na kanjo bado wana deni letu. Lakini huyo mtu ameelewa maana ya "mali ya umma" kuliko wengi wetu: cha wote ni changu pia, hasa kikiharibika.