Masurufu ya Ndege Aliye Tunduni

Muislamu anayejiandaa kwenda Hija hufundishwa kwamba kabla ya kufunga mizigo kuna watu wa kumalizana nao. Anatakiwa awe amelipa madeni yaliyofika muda wake, amerudisha amana za watu, na amewaachia wanaomtegemea masurufu ya kuwatosha mpaka siku atakaporudi. Fiqhi inalihesabu hili la masurufu ndani ya ule uwezo wenyewe unaomlazimisha mtu Hija: mwenye nauli kamili lakini hana cha kuwaachia watoto bado hajawa na uwezo. Swali ninalotaka kulichunguza linatokana na hapo. Je, kasuku aliyetundikwa barazani, au chiriku aliye katika tundu la uani, anaingia katika hesabu hiyo? Aghalabu hukumbukwa mwisho, gari likiwa limeshafika mlangoni, pamoja na kufunga madirisha na kuchomoa waya wa friji. Ninashikilia kwamba mahali pake ni miongoni mwa wanaoachiwa masurufu, na kwamba kumpangia matunzo wakati wa safari, iwe ya Makka au ya wiki moja kwenda arusini Tanga, ni haki yake juu ya mmiliki wake. Si hisani ambayo mtu asipoifanya amekosa thawabu tu.

Tuanze na ruhusa ya kumfuga, maana wajibu unazaliwa humo humo. Hoja inayotegemewa zaidi ni hadithi ya Anas bin Malik, iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na kijindege cha kuchezea, na Mtume alipomkuta ana huzuni kwa sababu kijindege kimekufa, alimuuliza habari zake kwa upole, akimtania kwa kumpangia maneno yenye vina. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii wa karne ya 4 ya Hijra, aliandika risala nzima juu ya hadithi hii fupi na kutoa humo mafunzo 60. Na moja kati ya mambo ambayo wanachuoni wameyachukua hapo ni kwamba inajuzu kumweka ndege tunduni. Lakini ruhusa hii haisomwi peke yake. Katika vitabu hivyo hivyo viwili imo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Ukiitazama vizuri, kosa lake lina sehemu mbili zilizofungamana: alimfungia, kisha wala hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Angemwachia, paka angejua la kufanya. Angemlisha, kifungo kisingekuwa mauti. Tundu la ndege, kwa umbile lake, limekwisha kuufunga mlango mmoja kati ya hiyo miwili. Uliobaki ni mkono wa mmiliki tu, na mkono huo ukisafiri bila kuacha mwingine mahali pake, hali ya ndege huyo haina tofauti na ya yule paka. Wakristo nao wanalo neno la karibu na hili katika Mithali, sura ya 12, ambapo kuujali uhai wa mnyama kunahesabiwa kuwa alama ya mtu mwenye haki.

Hapo ndipo husikika jibu la haraka kwamba riziki ya kila kiumbe iko kwa Mungu, na aliyemuumba ndege hatamsahau. Jibu hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu linatoka katika imani ya kweli. Tena lina nguvu ya pekee likihusu ndege, kwa kuwa Mtume mwenyewe, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Umar bin al-Khattab, aliwafanya ndege kuwa mfano wa tawakali: asubuhi hutoka na njaa, jioni hurudi wameshiba. Lakini fikiria mfano huo umesimama juu ya nini. Umesimama juu ya kutoka. Ndege wa mfano huo anayo anga, ana mabawa yanayofanya kazi, na riziki yake imetandazwa mashambani anakokwenda kuitafuta. Aliye tunduni hatoki. Sisi ndio tuliomkatia njia ambayo riziki yake humjia, na kwa kitendo hicho tumejiweka sisi kuwa njia hiyo. Anayemtegemeza ndege huyu kwa Mungu huku ufunguo wa tundu uko mfukoni mwake anatumia tawakali kukwepa jambo alilolichukua kwa hiari yake.

Wapo wasemao kwamba wajibu wote huo unatimia kwa kujaza chakula. Mimina mtama na mbegu za alizeti za wiki mbili, ning'iniza vyombo viwili vya maji, nenda zako. Anayewajua ndege hawezi kukubali. Ndege mdogo kama chiriku huunguza chakula upesi mno kwa sababu ya udogo wa mwili wake. Akikosa chakula siku moja tu huwa hatarini. Naye hula kiini cha mbegu na kuacha maganda yabaki juu, kwa hiyo chombo kinachoonekana kimejaa kinaweza kuwa hakina punje. Maji hutiwa kinyesi, hubwagwa, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam huchacha kabla ya jua kuzama. Isitoshe, ndege huficha ugonjwa. Mwituni anayeonyesha unyonge humwita mwewe, na tabia hiyo haimtoki kwa kuwekwa sebuleni. Dalili ni ndogo, kama vile manyoya kutuna mchana kutwa, kinyesi kubadilika rangi, kushuka kwenye kijiti na kukaa sakafuni mwa tundu. Na kati ya dalili hizo na kifo muda huwa mfupi. Ndege, basi, anahitaji jicho la kila siku, na jicho halimiminwi katika chombo.

Kisha kuna jambo ambalo naona ndilo zito kuliko yote, na ambalo wengi watanipinga: upweke. Watasema wanachuoni walipotaja masurufu ya mnyama walitaja malisho, maji, na kutombebesha mzigo asiouweza, hawakutaja mazungumzo. Ni kweli. Lakini walikuwa wakizungumzia hasa punda, ngamia na ng'ombe, na kipimo walichokitumia ni madhara. Kilichobadilika ni ujuzi wetu wa madhara yenyewe. Kasuku wa kijivu, ambaye misitu yake inaanzia Afrika Magharibi, inapita Kongo na kufika Uganda na ukingo wa magharibi wa Kenya, huishi katika makundi na hulala mitini pamoja na wenzake wengi. Akili yake ni kubwa. Yule aliyeitwa Alex, aliyesomeshwa Marekani na mtafiti Irene Pepperberg kwa miaka 30 hivi hadi alipokufa mwaka 2007, alitambua rangi, maumbo na idadi ndogo za vitu. Ndege wa namna hii akiachwa peke yake muda mrefu mara nyingi hujinyonyoa manyoya mpaka ngozi ikabaki wazi, na wengine hufika kujijeruhi nyama. Hapo hatumbandiki ndege hisia za kibinadamu. Damu inaonekana. Tundu lilipomtoa katika kundi lilimnyima kitu cha pili baada ya chakula, na sioni kwa nini tulipe deni la kwanza tukatae la pili. Siku tatu hazitamtoa roho, lakini mwezi mzima katika nyumba iliyofungwa, ambamo mtu huingia dakika tano kubadili maji, ni adhabu.

Nani basi aachiwe? Hapa sheria ya amana ina utajiri unaostahili kukaa nao. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj yake ambayo Mashafii wa pwani yetu wameisoma kizazi baada ya kizazi, anaeleza kwamba aliyewekewa mnyama kisha akaacha kumlisha anabeba dhamana. Lakini halisemi hilo kwa mwekewa tu. Mmiliki akitoa malisho, mwekewa atalisha kwa hayo. Asipotoa, mwekewa arejee kwake au kwa wakili wake. Na wote wawili wakikosekana, aende kwa kadhi. Gharama, kwa maneno mengine, haimhami mwenye mali kwa kuwa ameondoka. Linganisha na yanayotokea majumbani. Dada wa kazi, ambaye hakuulizwa na ambaye mshahara wake haukuongezwa, anaambiwa mlangoni amwangalie na ndege. Haachiwi fedha ya mbegu, haachiwi namba ya daktari wa mifugo, wala hakuna aliyemwambia kwamba parachichi ni sumu kwa kasuku, au kwamba moshi wa kikaango kisichoshika chakula kikiungua unaweza kumuua ndege hata kama yupo chumba cha pili. Ndege akifa, lawama ni zake. Huo ni udhalimu kwa viumbe wawili kwa mpigo. Amana huwa amana pale mtu alipoweza kuikataa, na kwa hiyo anayeombwa apewe nafasi ya kusema hapana mapema, aachiwe masurufu na maelezo, na ikiwezekana aje siku kadhaa kabla ili ndege amzoee. Wala mmiliki asidhani kazi yake imekwisha. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Abdallah bin Amr, aliyemuuliza msimamizi wake kama watumwa wamepewa chakula chao. Alipojibiwa bado, alimwamuru aende akawape, akataja kauli ya Mtume kwamba yamtosha mtu dhambi kumzuilia chakula aliye chini ya mamlaka yake. Msimamizi alikuwepo, na bado swali liliulizwa. Simu ya jioni kutoka safarini ina asili hiyo.

Mwenye huruma ya haraka atauliza: kwa nini asifunguliwe tundu akaruka? Naielewa nia yake. Lakini aliyezaliwa tunduni hajui mwewe wala hajui chakula kilipo, na kumwacha ni kumuua kwa mikono ya wengine. Mashafii walikwisha kuliona hili. Kwao umiliki wa mnyama aliyewindwa hauondoki kwa kumwachia tu, na wapo waliofananisha kitendo hicho na desturi ya Waarabu wa kabla ya Uislamu ya kuwaachia ngamia wazurure, ambayo Kurani inaikanusha katika sura ya 5. Huwezi kuwa mmiliki siku za raha, kisha ukajivua umiliki siku ya safari. Kuhusu aliyetekwa mwituni swali lilipaswa kuulizwa kabla ya kumnunua. Kasuku wa kijivu amewekwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi la mkataba wa CITES tangu mkutano wa Johannesburg wa 2016, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Pingamizi la mwisho ni la uchovu: kama ndege mmoja anataka yote haya, nani ataweza? Minhaj inajibu bila kuzungukazunguka. Mwenye mnyama akikataa kumlisha, kadhi atamlazimisha: kama ni mnyama wa kuliwa, amuuze, amlishe au amchinje, kama haliwi, amuuze au amlishe. Na kitabu hicho hicho kinamtaja kasuku kwa jina miongoni mwa ambao, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hawaliwi. Kwake yeye, basi, zimebaki njia mbili. Asiyeweza kupata mtu wa kuaminika kila anaposafiri amtafutie ndege wake makao mengine yanayokubalika kisheria, na afanye hivyo akiwa na muda wa kuchagua, si usiku wa kuamkia safari. Uamuzi huo unahitaji kutazama mbali, kwa kuwa kasuku wa kijivu akitunzwa huweza kuishi miaka 40 na zaidi, na wengi wanaowafuga leo watatangulia wao kufa. Jina la mtu wa kumrithi ndege lina haki ya kuandikwa katika wosia. Na mwekewa aliyetimiza aliyoagizwa, kisha ndege akamfia, hadaiwi kitu. Mmiliki akirudi amwambie hivyo kwa kinywa chake mbele ya watu wa nyumbani, kisha ajiulize mwenyewe kama aliacha vya kutosha.