Bakuli la Supu Chini ya Sagalla

Voi ni mji wa wapita njia. Malori ya Mombasa huunguruma usiku kucha, mabasi ya Nairobi husimama watu wanyooshe miguu, na tangu 2017 garimoshi la Madaraka Express nalo hushusha abiria wake hapa. Mtu aliyeshuka na njaa hana subira ya kungojea chakula kiive, kwa hiyo katika vihoteli vya karibu na steji mifupa hutiwa sufuriani tangu jioni. Asubuhi mteja huketi kwenye fomu, akaletewa bakuli la supu ya mbuzi, chapati mbili, kipande cha ndimu na pilipili. Mchuzi ukimwishia huomba aongezwe, na upawa huo wa pili haulipiwi. Jirani wa kushoto amesema Bismillahi, wa kulia ameinamisha kichwa na kufanya ishara ya msalaba. Wote wawili wanashukuru, na yaliyomo ndani ya bakuli ni mengi kuliko wanavyodhani.

Tuanze na mbuzi mwenyewe. Nyika inayouzunguka mji huu ni ya miiba, na zaidi ya nusu ya kaunti nzima ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo. Binadamu akiachwa humo na majani ya mgunga peke yake atakufa njaa ameshiba, kwa kuwa tumbo letu haliwezi kuzivunja nyuzi ngumu za mimea. Mbuzi naye hawezi. Kilichomwokoa ni kwamba Muumba alimpa tumbo la vyumba vinne, na kile chumba kikubwa akakijaza wapangaji wasioonekana kwa macho, bakteria na wenzao, ambao kazi yao ni kuivunja ile mimea ili mbuzi apate cha kujengea mwili. Ukimwona amelala kivulini saa sita mchana akicheua, usimwite mvivu. Anawalisha mabilioni, nao wanamlisha.

Mbuzi akishachinjwa nyama huliwa upesi, lakini mifupa na miguu hutaka moto wa saa nyingi. Ndani ya kano, ngozi na gegedu mna protini iitwayo kolajeni, ambayo nyuzi zake zimesokotwa tatu tatu, na ndizo zinazomfanya mnyama arukie mwamba asivunjike vipande. Moto mdogo wa muda mrefu huzifumua nyuzi hizo zikawa jelatini, na jelatini ndiyo inayoipa supu ule uzito wa kunata midomoni. Ukitaka kuhakikisha, iache ipoe usiku: itaganda na kutikisika.

Siri hii hawakupewa watu wa Voi peke yao. Huko Japani kuna mikahawa midogo, hata katika miji ya mashambani ambako treni hupita mara chache, inayouza ramen, yaani tambi ndani ya mchuzi uliokesha motoni. Aina moja hupikwa kwa mifupa ya nguruwe hadi mchuzi ugeuke mweupe kama maziwa. Na ni mkemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliyejiuliza mwaka 1908 kwa nini mchuzi wa mwani uliopikwa kwake una utamu usio wa sukari, usio chumvi, usio uchachu wala uchungu. Aliuchemsha na kuuchuja mpaka akapata glutamati, akaiita ladha hiyo umami. Leo tunajua kwamba ulimi una milango yake maalumu ya kuipokea, na kwamba maziwa ya mama wa binadamu yana glutamati kwa wingi. Kwa hiyo dereva wa lori anayefumba macho baada ya funda la kwanza la supu hapo Voi anaonja umami huohuo, kitu alichokijua kabla hajajua jina lake mwenyewe. Sijui jambo hilo lingewezaje kutokea kwa bahati tu.

Sasa maji, maana supu ni maji kwanza. Voi ni kukavu. Mvua yake haitegemeki, na mto wenye jina la mji mara nyingi ni mchanga mtupu. Sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa hutoka Mzima, chemchemi iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, kwa bomba lililolazwa katika miaka ya 1950 ili kuwanywesha watu wa Mombasa. Mzima yenyewe haina mvua ya kujivunia. Maji yake yalinyesha kwenye milima ya Chyulu, makumi ya kilomita kutoka hapo, na milima hiyo ni ya volkano changa, changa kiasi kwamba baadhi ya mawe yake meusi yalitoka ardhini yakiwaka katika karne ya 19, na wenyeji walioyaona wakayahusisha na Shetani, jina ambalo mtiririko ule wa mawe unalo hadi leo. Juu ya Chyulu hakuna hata mto mmoja wa kudumu. Mvua ikishuka humezwa papo hapo na majivu na mawe yenye matundu, ikasafiri gizani chini ya nyika, ikichujwa hatua kwa hatua, hadi inapokuta mwamba usiopitisha maji na kulazimika kutoka. Hutoka safi kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, viboko wakielea ndani yake. Jiwe la Shetani limegeuzwa chujio la maji ya watu. Mungu ana ucheshi wake.

Watu wa Taita Taveta, hata hivyo, hawacheki sana. Bomba linapita kwao kuelekea pwani, na bado utakutana na mikokoteni ya mitungi mitaani siku ambazo mifereji imekauka. Maajabu ni ya Mungu. Mgao ni wa wanadamu, na hapo ndipo mambo huharibika.

Maji ya Mzima yasiyoingia bombani huteremka hadi mto Tsavo, Tsavo ukakutana na Athi ukawa Galana, na Galana, ukiitwa Sabaki, ukaingia bahari ya Hindi karibu na Malindi. Huko jua huyainua. Upepo wa baharini huyabeba yakiwa mvuke, ukavuka nyika ukiangusha matone machache tu, kisha hugonga milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kina mita 2,208. Ukifika Wundanyi huko milimani asubuhi utavaa sweta, wakati Voi chini huko watu wanajipepea. Katika misitu ya Ngangao na Chawia ukungu hunaswa na majani ya miti na kudondoka matone hata siku isiyo na mvua. Kabichi, sukuma wiki na nyanya zinazokatwakatwa kando ya sufuria za Voi hushuka kutoka mashamba ya huko juu. Mihogo, viazi vitamu na maharagwe ya kimanga, chakula cha Wataita kinachopondwa kwa mwiko mpaka mkono uume, asili yake ni Amerika, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Lakini hiyo ni safari ya siku nyingine.

Katika udongo wa mashamba hayo hayo ya Taita jembe humfukua kiumbe ambaye wengi humdhania nyungunyungu. Ni jamaa ya vyura, asiye na miguu, anayeishi maisha yake yote ardhini. Wanasayansi humwita Boulengerula taitana. Kilima cha Sagalla, kinachoutazama mji wa Voi, kina ndugu yake aliyeelezwa mwaka 2005, na hapatikani popote pengine duniani. Mwaka 2006 watafiti walieleza jinsi yule wa Taita anavyolea. Watoto wakishaanguliwa, mama hana maziwa wala hawezi kuwaletea chakula. Ngozi yake ya nje hunenepa hata mara mbili, ikajaa mafuta na protini, naye hujilaza kimya. Watoto, waliozaliwa na meno maalumu ambayo baadaye yatabadilika, humpanda mgongoni na ubavuni wakaimenya ngozi hiyo na kuila, huku mama akizidi kupungua uzito na wao wakirefuka. Hawamuumizi kiasi cha kumwua. Baada ya siku mbili tatu ngozi nyingine imekomaa, na watoto hurudi mezani.