JE, MSITU HULINDWA KWA KUFUKUZA WANAOUJUA?



Kuna ulizo ambalo sisi wakaaji wa Kivu hatuwezi kulikimbia, kwani mlima Kahuzi tunauona kwa macho yetu. Kama Mungu anataka viumbe vyake vilindwe, je, ni haki kumfukuza mtu ili nyama wa pori akae salama?

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka wa 1970, ikiwa na kilometa za mraba 600. Mwaka wa 1975 ikapanuliwa hata kufika 6000. Mwaka wa 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia, sababu kubwa ikiwa gorila wetu, wa aina isiyopatikana popote isipokuwa mashariki ya Kongo. Hiyo ni heshima. Lakini ndani ya msitu ule walikaa Batwa, tangu zamani kuliko sisi wote. Wakatolewa kwa maelfu, bila kukubali kwao na bila malipo. Wakabaki kandokando ya mashamba ya wengine, wakiomba kazi ya kubeba na kulima, na asali waliyovuna baba zao ikaitwa wizi.

Wengine husema: afadhali hivyo, kwa maana watu huharibu. Ni kweli, mwanadamu huharibu. Vita vilivyoanza mwaka wa 1996 vilipopita, tembo wa sehemu ya juu ya parke walikuwa wameuawa karibu wote, na gorila wa sehemu hiyo wamepungua karibu nusu. Bei ya koltani ilipopanda mwaka wa 2000, wachimbaji walijaa katika sehemu ya chini, na chakula chao kikawa nyama wa pori. Lakini angalieni miaka. Batwa walikuwa nje tangu zaidi ya miaka ishirini. Bunduki zile hazikutengenezwa vijijini mwao, wala koltani haikununuliwa nao. Tena, katika sehemu ya juu mmea mmoja wa kutambaa umefunika miti mahali pengi na kuikandamiza. Kuna wataalamu wanaofikiri ya kwamba ni kwa sababu tembo waliokuwa wakiukanyaga na kuuvunja hawapo tena. Kiumbe kimoja kikiondoka, kingine hukosa mpaka.

Katika kitabu cha Mwanzo Adamu alipewa bustani ailinde, kisha akaletewa wanyama awape majina. Mimi naona kazi hizo mbili haziachani. Usiyemjua hata jina, utamlindaje? Na hapa Kivu, aliyeyajua majina alikuwa Mutwa. Wazungu waliotaka kuwazoeza gorila wasikimbie watu walitembea nyuma ya Batwa. Mutwa alitazama jani lililopindwa na mavi yaliyo bado na joto, akasema familia imepita asubuhi, nayo ni kubwa. Alijua ya kwamba mvua ikirudi na mianzi ikichipua, gorila watapanda kula machipukizi. Hata leo gorila huhesabiwa kwa vitanda vyao vya majani wanavyotandika kila usiku. Ujuzi wa namna hiyo mtoto huupata kwa kumfuata baba yake njiani. Ukimzuia mtoto asiingie msituni, umeufunga ule ujuzi, na hakuna masomo ya darasani yatakayoufungua.

Tusiwafanye Batwa kuwa malaika, hata hivyo. Mwezi wa kumi 2018, jamaa kadhaa zilirudi ndani ya parke kwa nguvu. Kukawa na mapigano na walinzi, watu wakafa pande zote mbili. Miti mingi ikakatwa, makala yakachomwa, na wafanyabiashara wakaingia pamoja na watu wenye silaha. Basi wengine wakasema: mmeona? Mimi nauliza: mtu aliyekaa miaka karibu hamsini bila shamba wala msitu, akija mwenye pesa kumwambia kata, atakula nini akikataa? Njaa haifuti kosa. Lakini gunia lile la makala liliteremka hadi mjini, likapikia maharage ya watu wanaosali. Sokoni huulizwa bei ya gunia, mlima lilikotoka hauulizwi.

Mwaka wa 2022 nchi yetu ilitoa sheria ya kulinda haki za Batwa na ndugu zao wa misitu mingine. Mwaka wa 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: Batwa wa Kahuzi-Biega walitendewa isivyo haki, warudishiwe ardhi yao, walipwe, waombwe radhi hadharani. Wako wanaoogopa ya kwamba hiyo ni kufungua mlango kwa shoka. Woga huo nauelewa. Lakini mlango ulipofungwa, shoka liliingia kwa dirisha.

Mutwa aliyezaliwa msituni kabla ya parke leo ni mzee. Wengine wanakaa karibu na makanisa yetu, kwenye benchi la nyuma. Wangali wanajua mti wa kutuliza homa na mti wa kujenga mzinga. Ni nani kwetu amekwisha kuketi nao awaulize?